Herufi Nilizozisoma Bila Kuziona

Nakumbuka siku moja nilipopimwa macho, mwanangu, nikafaulu kuliko wenzangu wote, na hali sikuona kitu. Nasikia barua yako ya mafunzo ya malori imefika, na mama yako keshaitembeza nyumba kwa nyumba. Hongera sana. Basi keti kidogo nikusimulie, maana kampuni itakufunza gia na breki, lakini hili langu halimo katika daftari lao.

Nilikuwa kijana wa Moa, nimemaliza kidato cha nne, naendesha pikapu ya mjomba kupeleka samaki Tanga mjini. Kampuni moja ya kusafirisha saruji ikatangaza kuwa itachukua vijana wenye leseni ya magari madogo, iwafunze lori kwa gharama yake, kisha iwaajiri. Siku jina langu lilipotoka, mama alichinja jogoo.

Neno moja sikumwambia mtu. Vitu vya mbali nilikuwa nikiviona kwa ukungu, kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Njia ya Moa niliijua shimo kwa shimo, kwa hiyo pikapu haikunitia aibuni. Na miwani? Akili yangu ya ujana iliniambia miwani ni ya walimu na makarani. Dereva wa lori akivaa miwani, nani atamwamini? Ujana una ulevi wake, hata kwa asiyeonja tembo.

Siku ya kupimwa tulipanga foleni mlangoni mwa zahanati ya kampuni. Mbele yangu alikuwa Hassani, kijana wa Chumbageni mwenye sauti ya muadhini. Kila aliyeingia alisoma herufi za ukutani kwa sauti, nasi tulio nje tukisikia. Zamu yangu ilipofika, zile herufi nilikuwa nazo kichwani kama Alhamdu. Nikazimwaga. Hata mstari wa mwisho niliusoma kabla nesi hajaunyooshea kijiti.

"Haya macho yako, au umeazima ya mwewe?" nesi akasema, akacheka. Wenzangu wakalidaka jina. Tangu hapo nikawa Mwewe.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza, mtu mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata injini ikinguruma. Darasani niliongoza. Mambo yalianza kuchacha uwanjani, tulipojifunza kurudi nyuma na tela. Mwalimu alisimama mwisho wa uwanja: kiganja wazi maana yake njoo, ngumi maana yake simama. Mimi niliona mkono tu. Nikaangusha pipa la maji. Siku nyingine nikauparua ukuta wa choo, na mtu yumo ndani. Maskini alitoka mbio kashikilia suruali. Kila mara nilikuwa na sababu: jua limenipiga, kioo kina vumbi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwenyewe huiona ndefu.

Mwezi wa pili wa mafunzo tukatoka barabarani. Tulishika njia ya Muheza, tela tupu, mimi usukanini, Mwalimu ubavuni pangu, Hassani kiti cha nyuma. Unawajua wauza machungwa wa huko, wanavyosimama kando ya barabara na kutikisa vifuko vya neti ili magari yasimame. Basi nikaona mbele mtu anatikisa kitu chekundu.

"Mbele kuna nini?" Mwalimu akauliza.

"Muuza machungwa, Mwalimu."

"Simama."

"Tununue?"

"Simamisha gari, we!"

Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikipanda. Nikakanyaga breki. Lori likalia, likatetemeka, likasimama. Yule hakuwa muuza machungwa. Alikuwa kijana wa bendera, na nyuma yake mafundi watano wamepiga magoti wakiziba shimo, na mama mmoja mwenye beseni kichwani katikati ya njia. Kati ya bampa yetu na fundi wa kwanza hazikutimia hatua sita.

Kijana wa bendera alikuwa karuka mtaroni. Akatoka na matope mpaka masikioni, akaja dirishani. Hassani ulimi ukamponyoka: "Tusamehe, ndugu. Alikudhani muuza machungwa."

Yule kijana akajipangusa tope usoni, akanigeukia. "Kaka, mimi nina sura ya chungwa?"

Mafundi wakaangua kicheko.

Mwalimu akanishusha, akanionyesha kibao kilichokuwa mbele. "Nisomee." Sikuweza. "Basi tembea mpaka ukisome." Nikatembea, naye nyuma yangu akihesabu hatua kwa sauti. Zilipita arobaini ndipo nikakisoma. Hapo machozi yakanitoka, nikamweleza yote, tangu zahanati.

Hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, mficha uchi hazai. Ungeniambia siku ya kwanza kwamba huoni, ningekupeleka hospitali asubuhi hiyohiyo na mambo yangekwisha. Wewe umeficha macho yako, kisha ukayajaribu kwa roho za watu. Mimi sitakusemea. Kesho utakwenda mwenyewe kwa meneja, na kwa nesi uliyemdanganya."

Nikaenda. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akanitoa katika kundi lile. Ningesubiri kundi linalofuata, na wakati huo nioshe malori na kubadili matairi. Nesi alikasirika kwanza, kisha akashindwa kujizuia: "Mwewe gani huyu! Bundi wa mchana!" Hassani na wenzangu walipata leseni za malori, nami nikawakabidhi malori yanang'aa. Iliniuma, sikufichi.

Lakini miwani niliyopimiwa hospitali, mwanangu! Siku nilipoivaa niligundua kuwa mnazi una makuti yanayohesabika. Niligundua pia kwamba binti mmoja wa Chumbageni, niliyeamini ananitabasamia kila nipitapo, kumbe alikuwa akikunja uso kwa moshi wa jiko lake.

Kundi la pili nilirudi uwanjani. Mwalimu akasimama kulekule mwisho, akainua ngumi. Niliiona hadi pete ya kidoleni. Nikasimama palepale. Akaja taratibu mpaka dirishani, akasema neno moja tu: "Haya." Tangu hapo nimeendesha hadi Tunduma na Kigali, mpaka nikastaafu, na alhamdulillahi sikumwumiza mtu.

Sasa unakwenda wewe. Huko utakutana na jambo usiloliweza, maana kila mtu analo lake. Labda mteremko utakutia kizunguzungu, labda usingizi utakushinda mapema kuliko wenzako. Usilifunike. Liseme siku ya kwanza, kwa mtu anayeweza kukusaidia, na likikugharimu nafasi, subiri nafasi nyingine. Aibu ya kusema huisha siku moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Dereva afichaye huwaumbua hata waliokuwa wakijipitia njia zao.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho la kuona, na ulimi wa kusema pale usipoona. Akutoe salama, akurudishe salama, na kila utakayepishana naye barabarani afike kwao salama. Amina.