Mabawa Matatu ya Shaba

Injini ile ililetwa gereji kwetu Nakuru ikiwa imefungwa kwenye gunia, juu ya gari la mzungu mmoja aliyekuwa na shamba kando ya ziwa Naivasha. Ilikuwa injini ya mashua, ya zile zinazoning'inizwa nyuma kwa skrubu mbili, na ilikuwa imelala ndani ya banda la kuku tangu kabla ya vita. Pistoni zilikuwa zimegandamana na kutu. Mavi ya kuku yalikuwa yamejaa hadi ndani ya kabureta. Tajiri wetu, Mhindi mwenye haraka ya kila kitu, aliitazama mara moja akamwambia mzungu anunue mpya. Mzungu akajibu kwamba hiyo ilikuwa ya baba yake, naye hataki mpya.

Fundi mwenzangu ndiye aliyesema, "Wacha ibaki."

Mwenzangu huyo alikuwa amenizidi miaka kumi hivi. Alikuwa Mkikuyu, na jamaa zake walikuwa wametolewa milimani Olenguruone kwa nguvu na serikali, mahindi yao yakiwa bado shambani. Lakini injini za mashua hakuzijulia huko milimani. Alizijulia Burma, alipokuwa askari, akivusha wanajeshi kwenye mto mpana uliokuwa na matope. Mimi nilikuwa mtu wa Maragoli, mwana wa mfanyakazi wa reli. Nilijua malori na matrekta tu. Kila nilichojua baadaye kuhusu injini za majini, alinifundisha yeye.

Tulimwaga mafuta ya taa kwenye silinda tukangoja siku sita kabla pistoni hazijasogea hata kidogo. Alinikataza nisitumie nyundo. "Chuma cha zamani ni kama mgonjwa mzee," aliniambia. "Ukimvuta unamvunja." Ringi za pistoni hazikupatikana Nakuru wala Nairobi, kwa hiyo alizikereza mwenyewe kutoka kwa bomba la chuma cha pua la trekta bovu. Gasketi tulizikata kwa karatasi nzito. Tulipoifunga kwenye pipa la maji na kuvuta kamba, ilikohoa, ikatema moshi mweupe, halafu ikanguruma mpaka maji yakaturukia sote. Mwenzangu alicheka kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu yake.

Tulipoipeleka ziwani ilituaibisha. Ilinguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini mashua ilipoanza kwenda ilihema, na magugu ya majini yakajizungusha kwenye pangaboi, yale mabawa matatu ya shaba yanayosukuma maji, mpaka pini inayoishika ikakatika. Tulirudi nchi kavu tukipiga makasia. Mzungu alitusaidia kuirudisha injini garini.

Njia yote ya kurudi mwenzangu alikuwa akiwaza. Tulipokaribia Gilgil akasema, "Injini haina kosa. Imebebeshwa mzigo. Ilitengenezwa kwa watu wa chini, karibu na bahari. Hapa tuko juu, hewa ni nyepesi, pumzi yake ni fupi. Pangaboi inauma maji mengi kuliko pumzi yake."

Alichonga kalibu ya mti wa mutamaiyu, ule mzeituni mwitu mgumu kama chuma, akapasha kila bawa moto wa makaa, akalilaza kwenye kalibu na kulipiga kidogo kidogo mpaka mwinamo ukapungua. Kingo za mbele akazirudisha nyuma kwa tupa, zikawa kama mundu, ili magugu yateleze yasishike. Halafu akaichomeka pangaboi kwenye msumari mrefu, akaizungusha. Bawa lililokuwa zito lilishuka chini kila mara, naye akalipunguza, akazungusha tena. Kazi hiyo ilimchukua wiki tatu, baada ya kazi za tajiri. Mimi nilishika, nilipuliza makaa, nilisugua kwa msasa. Nataka hilo lieleweke. Nilisugua kwa msasa.

Bawa moja lilikuwa bado zito kidogo siku askari walipokuja. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ikiwasaka waasi wa msituni, na Wakikuyu wa Bonde la Ufa walikuwa wakikusanywa ili warudishwe kwenye hifadhi yao, ile ardhi waliyotengewa na serikali. Askari waliingia gereji saa nne asubuhi, wakadai kipande cha kila mtu, kile kitambulisho cha kazi. Changu walikitazama wakanirudishia. Chake hawakumrudishia. Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, akaniambia, "Bado hilo moja. Usilikate sana, ndugu yangu." Wakamsukuma ndani ya lori pamoja na wengine.

Siku ya tatu mke wake alinijia nyuma ya gereji akiwa na mtoto mgongoni. Walikuwa wamewekwa ndani ya seng'enge upande wa stesheni, na yeye aliruhusiwa kutoka kutafuta unga.

"Shemeji," alisema, "yule mzungu wa Naivasha anajuana na Bwana DC. Wengine wameandikiwa barua na matajiri wao, wakaachwa. Mwambie injini imetengenezwa na nani. Mwambie tu hivyo."

"Nitamwambia, mama."

"Kweli?"

"Kesho kutwa anakuja kuichukua. Nitamwambia."

Nilikusudia kumwambia. Hilo nalo naliandika, ingawa halinisaidii kitu.

Nililimaliza lile bawa, kazi ya nusu saa, nikaenda na mzungu Naivasha kuifunga injini kwenye mashua. Mashua ilipopata mwendo iliinua pua, ikakata katikati ya magugu kana kwamba hayakuwapo. Viboko wawili walizama mbele yetu. Mzungu, mtu mzima mwenye mvi, alivua kofia akapiga kelele kama amepagawa. Tulipozima injini ukingoni alishuka majini na viatu vyake, akaishika ile pangaboi kwa mikono miwili.

"Nani natengeneza hii?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Nakuru. Lakini nilimtazama usoni, nikaona ile furaha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mzungu alikuwa akinitazama kama mtu. Vilevile niliogopa. Siku hizo kumtetea Mkikuyu kulitosha kukufanya uulizwe umekula kiapo gani cha waasi. Nikisema niliogopa tu, nitakuwa nimeongeza uongo mwingine. Niliogopa, na nilitaka fundi huyo awe mimi.

"Ni mimi, bwana."

"Wewe peke yako?"

"Peke yangu."

Hapo hapo akaniambia nihamie kwake, anipe nyumba ya mawe na karakana ya kutengeneza injini za wazungu wote wa ziwa lile. Nikaitikia.

Jioni hiyo nilimkuta yule mama ananingoja nje ya gereji. Nilimwambia mzungu amekataa. Nilimwambia nimemsihi sana. Aliinamisha kichwa, akasema, "Asante, shemeji. Umejaribu." Kesho yake waliingizwa kwenye garimoshi. Sikwenda stesheni.

Nilikaa Naivasha miaka karibu sita. Injini kuukuu ziliniletea jina. Zilitoka Nanyuki, zilitoka Kisumu, moja ilitoka Baringo ikiwa na nyigu ndani ya silinda. Kila moja niliifunga pangaboi ya namna ile, kwa kalibu ile ile ya mutamaiyu niliyoichukua gereji. Wazungu waliniita kwa jina la kazi yangu. Mke wangu alivaa viatu. Mzungu wangu alishinda mashindano ya mashua akaja kunipa mkono mbele ya wageni wake, na mimi nikautoa wangu.

Mwenzangu alikuja mwishoni mwa miaka hiyo, baada ya watu kuanza kuruhusiwa kurudi. Niliinua macho nikamwona mlangoni mwa karakana, amekonda, meno ya mbele hayapo. Alikuwa anatafuta kazi. Alitabasamu aliponiona, tabasamu la kweli. Kabla sijamsogelea, mzungu akaingia.

"Huyu nani?"

"Ni fundi, bwana. Tulifanya kazi pamoja Nakuru."

"Ah! Basi angalia." Mzungu akamvuta mkono mpaka kwenye injini ya baba yake iliyokuwa kwenye stendi. Alipenda kuwaonyesha watu. "Angalia hii pangaboi. Huyu rafiki yako natengeneza yeye peke yake. Hakuna mtu ingine Kenya naweza."

Mwenzangu aliinama. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kila bawa, moja, mbili, tatu. Alikawia kwenye la tatu. Kisha akanyanyuka.

"Ni kazi nzuri, bwana," alisema.

Akaomba ruhusa akaondoka. Nilimkimbilia, nikamfikia penye mipapai ya lango.

"Mama watoto hajambo?" nilimuuliza.

"Alikufa kule hifadhini, mwaka wa pili. Homa." Alikuwa akitazama barabara. "Alikuombea mpaka mwisho. Alisema ulimsihi mzungu akakataa."

Akanigeukia.

"Ulimsihi?"

"Sikumsihi."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni mimi."

Nilitazamia anipige. Ningeshukuru angenipiga. Alisimama tu, akivuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia mlimani, halafu akasema, "Lile la tatu ulilikata sana." Akaenda zake kwa miguu, bila kugeuka.

Nilisikia baadaye alipata kazi ya kutengeneza malori Mai Mahiu, chini ya mteremko. Nimepita hapo mara nyingi kwenda Nairobi. Dereva husimama watu wanywe chai, na mimi hubaki ndani ya gari, nikisema sina kiu.

Siku ile nilirudi karakana. Mzungu aliniuliza kwa nini rafiki yangu hakungoja, maana alitaka kumwajiri. Nilimwambia amepata kazi kwingine. Alinisadiki, kama kawaida yake, akaniachia injini ya daktari wa mifugo iliyokuwa imeshika kutu, nami nikaanza kumwaga mafuta ya taa kwenye silinda.