Lenzi ya Mzee Paspoti

Mdomo wangu hauna breki, wateja wa duka langu la kamera wanajua. Siku niliyonyamaza ndiyo siku niliyokosea.

Mzee Paspoti aliingia mchana. Mtaa mzima humwita hivyo, maana miaka thelathini amepiga picha za paspoti tu, kwenye chumba kinachopakana na duka langu: kamera juu ya stendi, mteja kwenye stuli. Akasema, "Binti, nataka lenzi ya kuvuta mbali."

"Makubwa! Umehamia kupiga picha za ndege wa porini sasa?" nikamtania.

Hakucheka. "Mwanangu anaolewa Jumamosi. Nilimtelekeza na mama yake angali mdogo. Kanitumia ujumbe nisikanyage ukumbini. Nitasimama ng'ambo ya barabara. Nataka sura yake tu."

Masikini! Nikamtolea lenzi mbili, zote milimita mia tatu, zinavuta mbali sawasawa. Moja nzito, inatuliza mtikisiko wa mkono. Nyingine nyepesi, haitulizi kitu. Akasimama mlangoni akamlenga fundi cherehani wa ng'ambo, kwa hii, kisha kwa ile.

"Hii nyepesi. Stendi siendi nayo, wataniona. Na mikono yangu haijawahi kutikisa picha."

Itatikisaje, na kamera yako haijawahi kushuka kwenye stendi? Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaona haya, mimi nani hata nimfundishe mkongwe kazi yake? Nikamfungia lenzi nyepesi kwenye boksi.

Jumatatu akarudi na kamera. "Hebu niangalizie, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Yalikuwa yanaona vizuri sana. Picha arobaini na moja, zote zimetikisika. Gauni jeupe lipo, ngazi za ukumbi zipo. Mahali pa uso pana ukungu.

"Zinasafishika?"

"Hazisafishiki, mzee wangu." Nilijichukia, wallahi.

"Mikono ilinitetemeka alipotokea," akasema. "Sura za mtaa mzima ninazo mle chumbani. Yake sina."

Nikamsukumia ile nzito. "Chukua, sitaki hata senti."

"Nimlenge nani tena, mwanangu?"

Akaiacha juu ya kaunta, akatoka. Mteja alikuwa anamngoja. Baadaye kidogo nikamsikia upande wa pili wa ukuta: "Inua kidevu, mama. Haya, tulia hivyo hivyo."