Bi Ruthi Alikuwepo Mezani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naona haya kama vile imetokea jana. Ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa sinagogi moja huku Maryland. Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilidanganya kwa neno dogo, na nilidanganya kwa nia njema. Uongo wa nia njema ndio mbaya zaidi, maana mtu huwa hautubii.

Basi sikiliza. Nilipofika nchi hii kutoka Tanga nilikaa Langley Park, watu watano vyumba viwili, na kazi niliyoipata ilikuwa kumwangalia mama mmoja wa Kiyahudi aliyekaa Greenbelt. Jina lake Ruthi. Alikuwa mjane, magoti yanamsumbua, na alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Siku ya kwanza nilibonyeza kengele, nikaona taa za sebuleni zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Nikadhani nimeharibu umeme wa watu! Kumbe kengele ya nyumba ile ilipigwa kwa mwanga.

Unanijua, mimi tangu utoto nina ugonjwa wa kuuliza. Kuuliza si ujinga, walisema wakubwa, nami nikaishika methali hiyo kuliko zote. Nilimuuliza Bi Ruthi kwa karatasi na kalamu: Unaota ndoto kwa mikono? Mtoto akilia usiku ulijuaje? Hakukasirika. Alinijibu, akanifundisha alama moja moja huku namenya viazi, akinipiga kofi la mkono nikikosea. Mwaka ulipoisha tulikuwa tunaongea mpaka chai inapoa. Alikuwa mkweli kupita kiasi. Nikivaa gauni lisilonipendeza ananiambia kabla sijavua viatu.

Kilichonishangaza zaidi ni ibada yake. Mimi Mwislamu, sala ninayoijua ni ya ulimi na sikio. Nilijiuliza, huyu anamwomba Mungu vipi? Basi kila Jumamosi nilimsindikiza sinagogi, nikakaa nyuma na macho yangu yamenitoka. Niliona Taurati yao ikifunuliwa, na msomaji akifuata mistari kwa kijiti cha fedha chenye umbo la mkono mdogo, kidole kimenyooshwa. Niliona mkalimani wa lugha ya alama amesimama karibu na rabi, na Bi Ruthi anamtazama bila kupepesa. Kuna sala yao ya wafiwa, wanaiita kadishi. Haisomwi mpaka watimie watu kumi, na wenzako ndio wanaokuitikia amina. Bi Ruthi alikuwa akimwombea marehemu mumewe. Mkalimani alipokuwepo, alijua wakati wa kusimama. Asipokuwepo, nilimgusa bega mimi.

Baada ya ibada watu walikaa kwenye meza ndefu, mkate wa kusukwa, samaki, soga. Mkalimani alikuwa ameshaondoka wakati huo. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi hiyo, mwenyekiti wa kamati, Bwana Danieli, mzee mpole aliyekuwa daktari wa meno, aliwaambia wenzake kwamba Jumanne kamati itakutana. Walifikiria mkalimani aje siku za sikukuu tu. "Ruthi ni mmoja," alisema, "na sasa ana msaidizi." Akanigeukia akitabasamu. "Wewe unamtosha kabisa. Nimekuona, unajua sana."

Mwanangu, sifa ni tamu. Mimi nilikuwa mtu wa kumsugua mgongo na kumpikia supu. Ukalimani sikusomea, na sala zao za Kiebrania sikuzielewa hata neno. Lakini nilivimba kichwa. Bi Ruthi akanigusa mkono. "Wanasema nini?"

Nikamtazama. Nikaona nikimwambia ataumia, pengine atagombana na watu mbele ya chakula. Nikamjibu kwa mikono, "Si kitu. Habari za maegesho ya magari. Nitakwambia baadaye."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mkate wake. Baadaye sikumwambia.

Zilipita kama wiki mbili, ikaja barua ya kamati, kwamba mkalimani atakuja sikukuu tu, kama ilivyozungumzwa mezani. Nilikuwa naosha vyombo. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akagonga meza kwa kiganja, maana ndivyo viziwi wanavyoitana, unahisi mtikisiko. Nikageuka.

"Jumamosi ile," alisema, na mikono yake ilikwenda polepole kuliko nilivyoizoea. "Maegesho?"

Njia ya mwongo ni fupi, yangu ilifika mwisho pale jikoni. Nikamwambia yote. Nikasema nilitaka asiumie.

"Nilikuwa nimekaa pale pale," akasema. "Danieli yuko mbele yangu, mkono wangu unafika kwenye sahani yake. Ningeweza kumwambia hapana. Jumanne ningekwenda. Sasa wameshaamua, na mimi nilikuwa nakula samaki."

Nikainamisha kichwa. Akanishika kidevu, akaniinua nimtazame, kwa sababu kiziwi ukiinama umemfunga mdomo.

"Nyumbani kwetu tulikuwa tisa mezani, wote wanasikia. Baba yangu alikuwa mcheshi, watu walicheka mpaka wanafuta machozi. Mimi nauliza, mnacheka nini? Wanasema, si kitu, tutakwambia baadaye. Kila siku, baadaye. Hiyo baadaye sijawahi kuiona. Baba alikufa nayo. Sijui hata kichekesho chake kimoja."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mwanangu, mimi nilimfanya mtu aliyekuwepo, lake lisiwepo! Nilienda kuchukua koti langu, nikijua kazi imekwisha. Akanizuia mlangoni. "Unakwenda wapi? Jumapili tuna wageni. Utatandika meza."

Akawaalika watu watatu wa kamati, Bwana Danieli akiwamo, na rafiki zake wanane, Wayahudi viziwi kutoka pande mbalimbali za Maryland na Virginia. Wengi wao walikuwa wameacha sinagogi miaka mingi, maana kukaa saa mbili unatazama midomo ni kazi, si ibada. Nikapika, nikatandika, nikasimama karibu na jiko.

Sijawahi kuona chakula cha mchana chenye maneno mengi vile. Mikono ilipaa juu ya bakuli, watu walibishana, walikatizana, mmoja alisimama juu ya kiti ili aonekane. Na wale watatu wa kamati walikaa wanakula taratibu, wanatabasamu wasijue wanatabasamia nini. Mara meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Bwana Danieli akanong'ona, "Wanacheka nini?"

Mgeni mmoja, mzee mwenye ndevu, akaelewa swali bila kulisikia. Akanipungia mkono: si kitu, mwambie baadaye. Wenzake wakazidi kucheka. Nakwambia kweli, nami nilitamani Danieli aachwe hivyo hivyo, aionje.

Bi Ruthi akagonga meza, sahani zikaruka. "Hapana. Mweleze. Kila neno."

Nikaeleza. Walikuwa wanamcheka yeye, kwamba anatafuna bila kupumzika kama mbuzi aliyeachiwa bustani, kwa sababu hana wa kuongea naye. Uso ukamwiva. Kisha akacheka, akacheka kweli, na kicheko kilipoisha akaweka uma chini.

"Nimekaa hapa dakika arobaini," alisema. "Muulize, kwetu amekaa hivi muda gani?"

Nikauliza kwa mikono. Bi Ruthi akafikiri kidogo. "Mezani kwenu, miaka minane. Lakini leo umekuja kwangu. Kula."

Hakumsimanga zaidi ya hapo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini siku ile Danieli alichungulia ndani akaona.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka kesho yake. Mmoja wa wale watatu hakubadilika hata kidogo, alisema watu wanataka makubwa. Kupata mkalimani anayejua Kiebrania cha sala ilikuwa shida. Darasa la alama lilianza Jumapili asubuhi na watu ishirini, wakabaki saba. Lakini mkalimani alirudi, na safari hii alikaa mpaka meza inapoondolewa. Wale viziwi waliokuwa wamejitenga wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakikaa safu ya mbele kwenye mwanga. Walimfundisha rabi asigeuke ukutani akiongea.

Siku ya kumbukumbu ya mumewe ilipofika, Bi Ruthi hakungoja kuguswa bega. Alisimama mbele, akaisoma kadishi kwa mikono yake mwenyewe, na mkalimani akawasomea wanaosikia kwa sauti. Safari hii wao ndio waliotafsiriwa! Na kila alipofika mahali pa kuitikia, watu waliinua mkono, ngumi ikashuka juu ya kiganja cha pili, amina. Bwana Danieli alikosea, akaigiza jirani yake. Nami nyuma kule na mtandio wangu, nikaona ngumi yangu imeshuka pamoja na zao. Sikuuliza kitu siku hiyo. Niliangalia tu.

Bi Ruthi ameshafariki, Mungu amrehemu. Nilikuwa naye miaka sita mingine, na hakuna siku aliyoniambia nisahau kosa langu, wala siku aliyonikumbusha.

Sasa nikwambie ninachotaka. Juzi kule Sterling, kwa kaka yako, wajukuu walikuwa wanacheka na Kiingereza chao cha mbio. Nikauliza, kuna nini? Mmoja akajibu, "Si kitu, Bibi." Mkono ukanikaa kifuani. Hakuwa na ubaya, mtoto yule, kama mimi nilivyokuwa sina. Nasi wakubwa pia tunawaacha nje, tukianza habari za kwetu kwa Kiswahili kizito tunasema hawataelewa, waacheni.

Mwanangu, usimchagulie mtu mzima la kusikia. Habari ikiwa chungu, mpe, ni yake, ataila au ataitema mwenyewe. Ikiwa ni kichekesho kidogo, mpe hicho kidogo, maana maisha ya watu mezani ni hayo madogo. Ukiwa hujui kutafsiri, sema hujui, aitwe anayejua. Usikubali sifa ya kumtosha mtu. Na ukikaribisha, usihesabu viti tu, tazama kama kila aliyekaa anajua kinachosemwa. Anayekuuliza "wanasema nini?" amekwisha kujishusha mara moja. Usimshushe mara ya pili.

Haya, nenda. Mungu akupe subira ya kueleza na ujasiri wa kueleza yote. Meza yako isipungukiwe watu, na mtu wa mezani pako asipungukiwe neno. Amina, kwa ulimi na kwa mkono.