Babeli ya Shangazi Kabula

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana Bariadi ni ndogo na huenda imeshakufikia. Mwaka jana, kwenye kikao cha ukoo kule Dutwa, vijana waliomba mzee mmoja awaeleze tulikotoka. Wazee wenye akili wakatazama chini. Mimi nikasimama. Nikaeleza kwa sauti nzito jinsi babu yetu wa kwanza alivyogombana na pacha wake kwa ajili ya dume jeupe la ng'ombe, jinsi walivyogawana mifugo chini ya ukuta wa mji, na mmoja akahamia upande wa machweo huku analia. Watu wakatikisa vichwa. Shemeji yangu mmoja akafuta machozi. Ndipo mjukuu wa kaka yangu, binti wa kidato cha tatu, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Babu, samahani. Hao si wale mapacha wa Babeli? Hicho kitabu tunacho shuleni. Ila cha kwetu kina jalada, si kama vile vyenu vya zamani."

Tangu siku hiyo, kwenye kundi la ukoo la simu, naitwa Mfalme wa Babeli. Hata aliyefuta machozi ananiita hivyo.

Lakini nyie mliokua zama zangu mtanielewa. Tulipokuwa wadogo pale Ngulyati, pamba ikishavunwa kazi ya watoto ilikuwa kuchambua: safi huku, fifi, ile chafu, kule. Asubuhi tumeshakimbia mchakamchaka, tumepeleka kidumu na fagio shuleni, tumechapwa kwa kuchelewa na kuchapwa tena kwa kulia. Alasiri tunakaa kwenye kivuli cha nyumba, pua zinawasha, vidole vimechomwachomwa na vikonyo vikavu, katikati yetu sufuria la michembe iliyopikwa na karanga. Watoto wa siku hizi ukiwapa michembe wanauliza ndani ina nini. Ina viazi, ndugu zangu. Viazi vilivyokaushwa juani. Tulikula, na hakuna aliyeipiga picha kwanza.

Redio ilikuwa ya babu, na babu hakuwa mtu wa kugawa redio. Aliyetuburudisha ni Shangazi Kabula, dada yake baba. Ndiye aliyenilea, kwa sababu mama yangu alifariki kabla sijaanza kukumbuka vitu. Shangazi aliwahi kufua nguo misheni, akarudi na vitabu vitatu vinene, riwaya za mtunzi mmoja aliyependa koo za watu wa kale: Babeli, Ninawi, Misri. Baba anazaa wana, wana wanageukana, wajukuu wanalipiza kisasi. Jina la mtunzi hatukulijua. Majalada na kurasa za mwanzo babu alishazisokotea tumbaku. Kwa kifupi, mtunzi alivutwa.

Shangazi alikaa kwenye kigoda, kitabu mapajani, akatusomea, na katikati akachomekea habari za ukoo wetu, mpaka uzeeni sijui tena kipi ni cha kitabu na kipi ni chetu. Na mimi, ambaye tangu utotoni si mtu wa kuamini hovyo, nilianza kumtilia shaka mapema. Kwanza, malkia wa Babeli alikuwa anakula michembe.

"Shangazi, Babeli nako kuna michembe?"

"Umefika?"

"Hapana."

"Basi chambua pamba."

Pili, waziri wa Farao alikuwa na kikohozi kilekile cha babu, na alikuwa mbahili wa redio. Hapo kwenye redio hata mtoto mdogo kuliko wote pale alinitazama. Tatu, nilimtega. Shangazi aliweka unyoya wa kuku mahali alipoishia. Siku moja nikauhamisha, nikaupeleka mbele kabisa, kwenye kurasa zilizokuwa bado zimegandana. Alifungua pale pale kwenye unyoya na kuendeleza vita tulivyoviacha jana, bila kukwama, farasi wakiwa wamesimama palepale. Alipomaliza akafunga kitabu, akasema bila kunitazama, "Kuna mtu hapa ana mikono mirefu. Kesho atachambua fifi peke yake."

Alikuwa pia na kovu begani, la mviringo, lenye alama kama za meno. Nikimuuliza, anasema ni mbwa. Mwezi mwingine mbwa anakuwa fisi. Nikamweka na fisi kwenye hesabu za mashaka yangu.

Kitu kimoja tu sikukitilia shaka. Nikiwa nimechambua vizuri, wenzangu wakishakwenda kucheza gololi, aliniambia nisogee anisomee sura ya mama yangu. Hapo alikifunga kitabu. Masika, uchungu wa kunizaa mimi umemshika, zahanati iko ng'ambo, mto umefurika na wanaume wamekataa kuvuka. Mama akaswaga ng'ombe mwekundu ndani ya maji, akashika mkia, akavuka. "Hakulia," Shangazi alisema. "Hakuogopa. Mama yako yule!" Mama hana picha hata moja. Nilichonacho ni ule mkia wa ng'ombe.

Sasa mwelewe nilivyorudi kutoka Dutwa. Kicheko cha ukoo nilikizoea ndani ya wiki. Kilichoninyima raha ni swali: kama mapacha wetu ni wa Babeli, mama yangu je, ni wa wapi?

Nikamwomba yule binti aniazimie vitabu vyote vitatu. Mimi ni mtu wa nyumbani, nikifika Lamadi nahesabu nimesafiri, kwa hiyo kukaa barazani kusoma haikuwa adhabu. Mke wangu alisema afadhali sasa kukaa kwangu kuna sababu. Nikasoma kama polisi anayepekua nyumba. Yule babu wa ukoo tuliyesimuliwa kuwa aliua simba kwa rungu, nikamkuta Ninawi. Harusi ya binamu yetu iliyosimama siku nzima kwa sababu ya mbuzi mmoja, nikaikuta Misri, ila kule alikuwa ngamia. Kila nilipofungua, ukoo wetu ulipungua.

Kwenye kitabu cha tatu nikafika mtoni. Binti mfalme ni mjamzito, maji yamejaa, wanaume wanasitasita. Nikakifunga. Kikakaa juu ya kabati siku kadhaa, nakipita kama napita kwa mtu ninayemkwepa. Halafu nikaona mtu mzima siwezi kukiogopa kitabu, nikakishusha, nikasoma. Binti mfalme alivuka kwa mashua ya wapiga makasia, amekaa kwenye takia la hariri, anakula zabibu. Hakuna ng'ombe. Hakuna mkia popote. Nilimpigia kelele mke wangu jikoni kana kwamba pamba imepanda bei.

Furaha haikufika jioni. Kama mkia haukutoka kitabuni, si huenda ulitoka kichwani mwa yule yule aliyewalisha malkia michembe? Shangazi ameshatangulia, siwezi kumbana.

Vijana wetu hawajui taabu hii. Wakitia shaka jambo wanatoa simu, shaka inakufa hapo hapo hata haijapata jina. Sisi shaka tuliilea. Tulikua nayo, tukalala nayo, tukachambua nayo pamba, na aliyetudanganya alikuwa amekaa hapo hapo, tunasikia harufu ya sabuni kwenye kitenge chake. Wao wana majibu mengi. Sijaona mwenye mtu wa kumdanganya vizuri namna ile.

Basi jana nikavuka ua kwenda kwa jirani yangu Mama Limbu. Aliolewa Ngulyati siku moja na mama yangu, sasa uzee umemleta hapa mjini kwa mwanawe. Nilimkuta anapepeta choroko. Nikamwamkia, mwangaluka, nikakaa, nikazunguka weee, mwisho nikauliza: ni kweli mama yangu alivuka mto ameshika mkia wa ng'ombe, hakulia, hakuogopa? Mama Limbu alicheka mpaka choroko zikamwagika. Halafu akanitazama, akasema:

"Mama yako huyo huyo? Alikuwa anaogopa hata maji ya kunyweshea ndama! Aliyeshika mkia ni Kabula, mama yako kaning'inia shingoni kwake, anapiga mayowe na kumng'ata bega mpaka ng'ambo. Sasa acha kukodoa macho, Masanja, okota choroko zangu."