Chuma na Mwezi Mchanga

Bi Hilali alikuwa katikati ya pindo la gauni, mguu ukikanyaga cherehani, wifi yake alipoingia bila hodi. Yule mwanamke hakuwa mtu wa kuingia bila hodi. Leo alikuwa kavaa kiatu cha mguu mmoja cheusi, cha pili cha kahawia, wala hakuwa na habari.

"Wifi, inuka twende. Hataki kukatwa."

"Nani hataki kukatwa?"

"Mdogo wako! Daktari kasema mguu uondolewe leo kabla ya saa nane. Mwenyewe kasema hapana, mwezi bado mchanga. Kasema wewe ndiye uliyemwambia."

Bi Hilali aliacha gauni lining'inie kwenye sindano.

Kushona ilikuwa kazi ya mikono yake, lakini jina alilipata kwa kazi nyingine. Baba yake alikuwa mnajimu, na alipokufa alimwachia kitabu cha nyota kilichochakaa pembe, pamoja na watu waliozoea kukisikiliza. Wakaja kwake kama walivyokuja kwa marehemu: nifungue duka lini, binti aolewe lini, nihamie nyumba mpya lini. Naye jibu alilolipenda kuliko yote lilikuwa moja. Subirini hilali, mwezi ukiwa mwembamba na unakua. Mwezi mchanga ni wa kuanza jambo. Kinachoanza nao hukua nao. Ndipo wakambandika jina hilo, likamganda.

Ila kitabu kilikuwa na upande wa pili. Mwezi ukikua, damu nayo hupanda mwilini kama maji kisimani. Usikate, usichanje, chuma kisiguse nyama. Ngoja mwezi upevuke, kisha uanze kupungua.

Wiki moja nyuma, mdogo wake alikuja akichechemea. Alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Randa kwa jinsi asivyoweza kupita penye ubao bila kuupapasa. Alikuwa amekanyaga msumari karakanani kwake, na kwa kuwa alikuwa na kisukari, jeraha likageuka jipu. Zahanati walitaka kulipasua siku hiyohiyo. Yeye akapitia kwanza kwa dada yake, dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Bi Hilali hakuhitaji hata kufungua kitabu. "Mwezi unaandama kesho," alimwambia. "Tena safari hii unazaliwa kwenye nyota ya Samaki, na Samaki ndiyo nyota inayotawala miguu. Subiri upungue, mdogo wangu. Osha kwa maji ya chumvi, kunywa dawa zako."

Akasubiri. Alikuwa mtu wa kusikia la mkuu.

Sasa alikuwa kalala kitanda cha mwisho wodini, karibu na dirisha, midomo imekauka. Bi Hilali aliipata harufu kabla hajamfikia. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, alifunua shuka. Mguu ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, vidole vimekuwa vyeusi. Juu ya kifundo palikuwa na mstari wa kalamu ya wino.

"Huu nimeuchora saa kumi na mbili asubuhi," daktari alisema. "Hapo ndipo wekundu ulipokuwa umeishia. Sasa ni saa sita. Tazama mwenyewe."

Wekundu ulikuwa umeuruka mstari, ukapanda kwa upana wa vidole vinne vya mkono.

"Tukikata sasa, goti litabaki. Tukichelewa, sijui kitakachobaki. Siwezi kumkata mtu mwenye akili timamu aliyesema hapana. Ongeeni naye." Akatazama saa yake, akaenda kitanda kingine, lakini sikio lake lilibaki.

Wifi alimvuta Bi Hilali pembeni. "Mdanganye," alinong'ona. "Mwambie nyota zimegeuka. Mwambie lolote! Nikibaki mjane nitakulaumu mpaka kaburini."

Bi Hilali alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Randa, nimetazama kitabu upya. Leo ni siku njema. Mwezi umekwisha anza kupungua…"

"Dada." Alifumbua jicho moja. "Jana jioni niliuona hapo dirishani. Haujafika hata nusu, bado unakua. Mimi pia nimelelewa na mzee yule. Usinifanye mtoto."

Wifi aliziba mdomo kwa upindo wa khanga. Ukutani saa ilikuwa ikienda, na Bi Hilali aliona kila sekunde ikipanda kwenye ule mguu.

"Haya," alisema. "Siku si njema. Kitabu kinasema usikatwe, na mimi nasema ukatwe."

"Kwa hiyo kitabu kinadanganya?"

"Sijui."

"Nimeoa kwa kitabu hicho. Nimefungua karakana kwa kitabu hicho. Leo unasema hujui?"

"Sijui, mdogo wangu! Ninachojua ni kwamba ulikuja kwangu na jipu, nikakurudisha nyumbani. Kosa lile si la mwezi, ni langu. Mwezi haukukwambia neno, mimi ndiye niliyesema. Kama kuna dhambi ya kukatwa leo, niibebe mimi. Lakini ule wekundu haungoji upevu wa mwezi. Umeshauvuka mstari."

Jasho lilimtiririka Randa mpaka masikioni. Alipoinua kichwa kuutazama mguu, ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Daktari," aliita kwa sauti iliyopasuka. "Leta karatasi." Akatia sahihi, kisha akageukia ukuta. Dada yake hakuambiwa hata kwaheri.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, mawifi wawili, kila mmoja na lake. Bi Hilali alingoja wamwambie damu imegoma kukatika. Saa tisa na nusu daktari alitoka akivua kofia. "Goti limebaki," alisema. "Amepoteza damu, lakini si nyingi. Ataishi." Wifi alianguka magotini.

Habari ilitembea mtaani haraka kuliko yeye alivyotembea. Wapo waliosema amempotezea mdogo wake mguu, na wengine kwamba ameisaliti kazi ya baba yake. Wanaotaka siku ya harusi wakaendelea kuja wachache wachache, naye akawapa. Aliyekuja na kidonda au homa alimjibu kabla hajaketi: "Nenda hospitali, usipoteze muda wako kwangu."

Kwa Randa alikwenda kila Ijumaa, akakaa, akanywa maji, akaondoka. Wifi alizungumza kwa niaba ya wote watatu. Mwezi wa nne baada ya kukatwa, alimpelekea suruali aliyoikata upya, mguu mmoja mfupi, umefungwa vizuri kwa chini. Alimkuta kwenye kigoda karakanani, anasukuma randa kwa mikono miwili, ubao ukimteleza kwa kuwa hakuwa na mguu wa pili wa kuukanyagia.

Aliipokea suruali, akaigeuza, akapima pindo kwa kidole.

"Angalau sasa soksi moja ikipotea, sitagombana na mke wangu," alisema.

Bi Hilali hakujua acheke au alie. Kisha Randa akanyoosha kidole kwenye ncha ya ubao.

"Shika hapo, dada. Shika kwa nguvu, unateleza."