Pigo la Thelathini na Tatu

Wenzangu wakishinda tuzo huruka, hulia, huwapigia simu mama zao. Mimi habari ilinikuta jikoni nachagua mchele, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kufunga dirisha. Mpiga gitaa wetu alikuwa Nairobi, anapiga kelele ndani ya simu, nyuma yake ukumbi mzima unashangilia, nami namwambia shusha sauti, shusha sauti, utadhani jirani angemsikia. Niliketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, sinia la mchele mapajani, nikamwomba Mungu babangu asijue.

Nieleze kwanza, maana hata majirani zangu wa miaka yote hawakuelewa. Sisi ni bendi ya watu watatu. Mpiga gitaa asili yake bara, mtoto wa mfanyakazi wa reli, amezaliwa na kukulia Tononoka. Mpiga ngoma ni fundi wa kuchomelea vyuma, kwao Makupa. Wa tatu ni mimi, binti wa Mji wa Kale na buibui langu, na kazi yangu ni kompyuta. Nakusanya sauti za vyuma, nazikata, nazipanga, ndizo zinazokuwa mdundo. Muziki wenyewe huitwa roki ya viwandani. Gitaa linanguruma, na chini yake unasikia nyundo, mnyororo, injini ya lori ikikataa kuwaka. Tulikuwa tukifanya mazoezi chumba cha nyuma cha gereji moja Makupa, ambako kelele zetu hazikumsumbua mtu kwa kuwa huko kila mtu ana zake. Nyumbani walijua nafanya kazi ya kompyuta. Hapo sikusema uongo, ila ukweli nao sikuumaliza.

Babangu ni mfua shaba. Hutengeneza madele, yale mabirika ya kahawa, hutia bati masufuria, hunyoosha masinia ya harusi yaliyobonyea. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango wazi njiani, na nyundo yake ndiyo iliyoniamsha tangu nikiwa mtoto mchanga. Miaka hiyo yote ya nyundo imemla masikio. Sasa hasikii kitu, labda umpigie ukelele karibu na uso, na hata hivyo husoma midomo kuliko kusikia. Dele likishaisha hulipima kwa njia yake mwenyewe: huegemeza kichwa cha nyundo kwenye shaba, mpini akauweka nyuma ya sikio, pale penye mfupa, kisha mamangu hugonga upande wa pili kwa kucha. Kukiwa na ufa, huujua. Sijaona akikosea.

Na ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Hilo ndilo la kulijua mapema.

Siku moja asubuhi nilitia simu yangu kwenye kigogo kinachobeba fuawe yake, chuma anachofulia juu yake, nikamrekodi akifua. Sikumwambia. Nilijiambia mtu asiyesikia hatajali. Nilipofika kwenye kompyuta nikaona anapiga kwa mafungu, kila fungu mapigo thelathini na matatu, kisha husita, hugeuza shaba, huanza tena. Wimbo wetu ulikwenda kwa hesabu ya nne nne, na thelathini na tatu haikai humo. Nikakata pigo la mwisho nikalifuta. Nikalizungusha fungu la thelathini na mbili lijirudie wimbo mzima, likakaa sawasawa, nikafurahi na nafsi yangu.

Chini ya nyundo kulikuwa na mvumo mdogo. Mimi sikuusikia. Nimelelewa nao, midomo ya babangu hucheza anapofua, na kitu ulichokisikia tangu tumboni hukisikii tena. Mpiga gitaa ndiye aliyeusikia. Akaupenda, akaupandisha juu kidogo, hakuniuliza. Yeye aliyesikia hakujua ni nini, na mimi ambaye ningejua sikusikia. Tukautoa wimbo.

Miezi ikapita tukasahau, mpaka mhakiki mmoja wa gazeti akatuandika. Ukurasa mzima. Alisifu gitaa, alisifu mdundo, kisha akafika kwenye mnong'ono wa mzee chini ya nyundo, akasema hajasikia kitu cha kutisha kama kile mwaka mzima, na ndicho kilichoufanya wimbo uwe wimbo. Nilisoma nikacheka peke yangu, mnong'ono gani tena. Nikavaa spika za masikioni, nikaondoa gitaa, nikaondoa ngoma.

Subhanallah. Subhanallah. Subhanallah.

Nilizivua nikaziweka mezani taratibu. Babangu alikuwa anavuta uradi, anamtaja Mungu kwa hesabu. Kila pigo na tasbihi yake, thelathini na tatu, ndiyo sababu ya mafungu. Na mimi nilikuwa nimechukua ibada ya mzee wa watu nikaitia chini ya magitaa, watu wairukie na bia mkononi.

Niseme wazi niliogopa nini, maana watu huniuliza kama niliogopa fimbo. Babangu hajanipiga maishani. Niliogopa radhi. Kwetu mzazi akikunyima radhi, hata ukijenga ghorofa utalala nje. Niliogopa siku atakapoupokonya mkono wake nikitaka kuubusu. Basi, hilo tu, nalo lilitosha kunikosesha chakula.

Niliwaambia wenzangu tuuondoe wimbo. Mpiga gitaa akasema, "Pole, dada. Mimi nilidhani mzee anahesabu tu." Alisikitika kwelikweli, ni mtu mwenye adabu. Lakini jina letu lilikuwa limeshatiwa kwenye orodha ya wanaowania tuzo, na wimbo wenyewe ulikuwa umeshatawanyika kwenye simu za watu. Utaondoa nini? Maji yamekwisha mwagika.

Hapo ndipo nilipogundua sifa nazo zina uzito. Kila aliyetusifu alisifu pale pale. Redio ikatupiga, mtangazaji akauliza mzee ni nani. Mhakiki wa pili akaandika, wa tatu akaandika, na kila nikiona jina letu nilitafuta kwanza neno mzee. Nikipita barazani kwa wazee wanaokunywa kahawa nilikuwa natupa macho chini, nikingoja mmoja wao aseme sauti hiyo naijua. Kijana wa tuk-tuk akipita na muziki juu nilikuwa nasimama mpaka nijue ni wimbo gani. Za mwizi arubaini, nami nilikuwa nazihesabu.

Nikamwambia mamangu. Sikuweza tena. Alinisikiliza akiwa amesimama, hakunigombeza. Alichukua chumvi ya mawe, akanizungushia kichwani mara saba kuniondolea kijicho, akaitupa makaani ikalia.

"Wangapi wamekusifu?" akauliza.

"Wengi, mama."

"Na wangapi wamesema mashaallah?"

Wahakiki hawaandiki mashaallah. Akatia ubani juu ya makaa, moshi ukatujaa jikoni, nami nikamuomba asimwambie baba.

"Simwambii," akasema. "Lakini la kuvunda halina ubani, mwanangu."

Ndipo tukashinda. Nilikataa kwenda Nairobi, nikasema naumwa, na nilikuwa naumwa kweli. Mpiga gitaa akapanda jukwaani akapokea, na walipomuuliza mzee ni nani, yeye kwa moyo wake mweupe, akidhani anampa mtu haki yake, akasema ni baba wa mwenzetu, mfua shaba wa Mji wa Kale. Alinieleza mwenyewe kwa simu, anajivunia. Sikumlaumu. Nilikata simu nikaizima kabisa.

Siku ya tatu akaja mwandishi wa habari na kamera yake. Nilikuwa juu, nikamwona dirishani anauliza njia, nikashuka hadi katikati ya ngazi nikaketi. Nilisikia yote kutoka hapo. Mwandishi anampigia babangu ukelele kuhusu tuzo, babangu anamtazama midomo haelewi, mamangu anaitwa aje afasiri. Mamangu hajui kusema uongo. Alimwambia polepole, uso kwa uso, neno baada ya neno: bintiyo amefanya wimbo, nyundo yako imo, sauti yako imo, Nairobi wameutunuku.

Kisha nikasikia babangu anasema mgeni aletewe kahawa.

Mgeni akanywa vikombe viwili, akapiga picha zake, akaondoka. Babangu akaenda kusali alasiri, akarudi, akaketi kwenye kigoda chake. Mimi bado niko kwenye ngazi.

"Ndoo hapa," akaniita. "Niletee huo wimbo wako."

Nilishuka na spika yangu kubwa ya kompyuta, naiburura. Nikaiweka mbele ya fuawe. Nilitaka kumwambia kila kitu kabla hajasikia, lakini alikuwa ameshainamisha kichwa, haangalii midomo yangu. Akachukua nyundo yake, kichwa cha nyundo akakiegemeza kwenye ubao wa spika, mpini nyuma ya sikio. Akanipa ishara: washa.

Nikawasha. Gitaa likajaa karakana, masinia ukutani yakaanza kulia yenyewe, watu wawili wakasimama mlangoni. Yeye alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti, na kidole gumba kikaanza kutembea juu ya vifundo vya vidole, kifundo kwa pigo. Nikajua ameshaipata hesabu yake. Chini ya gitaa lote lile alikuwa amejipata. Midomo yake ikaanza kucheza.

Nilimtazama uso, nikitafuta hasira. Nilitazama kila mkunjo.

Fungu la kwanza likafika mwisho, likarudi mwanzo. Kidole gumba chake kikabaki hewani. Akakunja uso. Akangoja fungu la pili, akahesabu tena, na pale pale kidole kikakosa pa kutua. La tatu vilevile. Akaondoa nyundo, akafungua macho, nikazima.

"Imepungua moja," akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mimi huyu sijapunguza. Miaka hamsini sijapunguza."

"Mimi, baba." Nilijigusa kifua aelewe. "Mimi niliikata. Haikukaa kwenye mdundo."

"Umeiweka wapi?"

"Nimeifuta."

Nilikuwa nimejiandaa kwa magitaa, kwa ukumbi, kwa bia, kwa jina la Mungu mahali pasipo pake, nilikuwa na majibu ya hayo yote pamoja na machozi. Kwa hilo moja sikuwa na kitu. Sikuwa nimeliogopa hata siku moja.

Akaomba aione tuzo. Mpiga gitaa alikuwa ameituma na basi la usiku, nami nilikuwa nimeificha chini ya kitanda ndani ya mfuko wa unga. Nikaileta. Akaigeuza, akaipiga kwa ukucha, akaihisi kwa mfupa wa sikio. "Bati," akasema. "Wameipaka rangi tu." Akaiweka chini karibu na masufuria yanayongoja kutengenezwa.

Nilipiga magoti. Nikanyoosha mkono wangu kuutafuta wake, na kwa midomo nikasema neno lenyewe, radhi. Hakunipa mkono. Nikasema ndiyo hii, imefika.

Aligeukia fuawe. Akainua nyundo, akapiga shaba mara moja, midomo ikacheza mara moja. Kisha akaweka nyundo chini, akajipangusa mkono kwenye kikoi, akanipa.

Niliubusu. Ulinuka shaba na ndimu. Nilipotaka kuuachia aliushikilia mkono wangu.

"Radhi unayo," akasema. "Lakini hiyo niliyopiga sasa ni ya leo. Ile uliyoifuta haijarudi. Masikio yangu yameshatangulia, nami nayafuata. Siku ya khitma yangu, watu wakinisomea Kurani, wakikupa juzuu, usianze kusoma. Anza na hiyo Subhanallah moja kwanza."

Wimbo wetu bado unapigwa. Mwaka huu umetajwa tena mahali, mhakiki mwingine, sifa zilezile. Asubuhi nikiamka na nyumba iko kimya, nyundo haijaanza, nalala bila kupumua nikingoja pigo la kwanza.