Plastiki Juu ya Plastiki

Kwetu plastiki haibanduliwi. Televisheni ya salo, sebule yetu, bado ina karatasi ya dukani, ile yenye kuandikwa sifa zake, na msoma habari akisogea kushoto tunamwona nusu uso. Frigo ina plastiki mlangoni. Viti vya salo vina plastiki, na mwezi wa kumi, joto likipanda, ukisimama ghafla unaacha ngozi ya mapaja pale kama samaki aliyeshikana na sufuria. Wageni wanasifu. Wanamwambia papa, tata, bitu byako bingali bipya. Papa anakohoa kidogo, kama mbunge. Vipya kwa nani, mi sijui. Sisi wenye nyumba hatujawahi kuvigusa.

Gari nalo hivyo hivyo. Lilitoka Japani, likapita Dar, likapita Zambia, usukani kuume kama magari mengi ya huku, na viti vyake papa akavivalisha plastiki siku ile ile lilipofika. Analipenda kuliko mi. Hilo simlaumu, mi pia nikiziangalia pointi zangu za shule ningependa gari. Shida ni barabara. Kutoka kwetu Manika kuelekea Kingamyambo makamio, malori ya madini, yanapita siku nzima, yamejaa mpaka juu, na kila gurudumu linarusha mawe kama lina ugomvi na wewe. Jiwe moja lilipasua taa yetu ya mbele. Dereva wa kamio hakugeuza hata kichwa. Nani atamfuata? Papa alitukana peke yake, madirisha yamefungwa, na mi kando yake nikajifunza Kiluba ambacho mama hajui kama ninakijua.

Alipofunga taa mpya, alinunua plastiki ya kukinga taa, laini, safi kama maji. Tuliibandika uani: kwanza maji ya sabuni, kisha plastiki, kisha unasukuma mapovu kwa kadi ngumu huku mi naipuliza joto kwa mashine ya dada yangu ya kukaushia nywele. Ilikuwa kazi nzuri, sikatai. Lakini juu ya plastiki ile kulikuwa na ngozi nyingine nyembamba, ya kuizuia isichubuke wakati wa kubandika. Ukimaliza unaivuta, unaitupa. Ilikuwa hata na mshale mwekundu pembeni, wa kuonyesha pa kuanzia. Nikaushika.

"Wacha iyo," papa akasema. "Njo inalinda."

"Papa, hii inalinda ile yenye kulinda."

"Basi ni muzuri. Mbili inapita moja."

Nilicheka siku ile.

Kiangazi kikaja. Vumbi jekundu likajipenyeza kati ya ngozi zile mbili, jua likavipika pamoja, na taa zetu zikaota mtoto wa jicho. Darasani wakaliita gari letu bibi. Ukiziwasha, mwanga ulitoka na rangi ya uji, ukaanguka hapo hapo mbele ya bampa, umechoka. Nilimwambia papa. Dada alimwambia. Mama, anayeuza nyanya ng'ambo ya barabara ile ya makamio na kuivuka kila jioni na beseni kichwani, alimwambia kuliko sisi wote. Papa alijibu kwamba taa ni mpya kabisa, tutaelewa siku atakapouza gari.

Halafu ikaja ile jioni. Papa alikuwa amenichukua shuleni, jua bado liko juu, na kamio lililotutangulia likainua vumbi mpaka dunia ikafungwa. Papa akawasha taa. Huku, vumbi likifunga, mtu anayevuka hatafuti gari, anatafuta taa. Hakuna taa, anavuka. Mama alingoja kamio lipite, akatazama, hakuona taa yoyote, akavuka.

Mi niliona kitenge. Nikapiga kelele, papa akakanyaga breki.

Bampa ilimgusa tu, lakini alianguka. Alikaa pale chini, goti limechunika, nyanya zake zimetawanyika, nyingine tumezikanyaga. Papa akatoka mbio. Nilifikiri anamkimbilia yeye. Akainama mbele ya taa, akapitisha kidole, kuangalia kama plastiki imechanika.

Dada anamtetea mpaka leo, eti mshtuko. Dada hakuwepo. Mi niliona kidole kile kikipita taratibu, kama cha mtu anayemgusa mtoto mwenye homa.

Mama aliinua kichwa. Hakupaza sauti.

"Tata, na mi unifunike plastiki. Pengine utaniangalia."

Hapo ndipo papa alipomkimbilia. Mama akausukuma mkono wake, akasimama mwenyewe, na gari akalikataa. Tulirudi kwa miguu, yeye akichechemea, mi na beseni, papa akitufuata nyuma polepole na taa zake za uji. Kijana mmoja wa taksi-moto, juu ya pikipiki yake, akauliza kwa sauti ni matanga gani haya ambayo marehemu anatembea mbele ya gari. Siku nyingine ningemjibu vizuri kuliko alivyouliza. Siku ile nilitafuta jiwe.

Jumapili papa aliwasha gari mlangoni, amevaa suti. Mama akalipita, akielekea kanisani na goti lake. Papa akazima moto wa gari. Akachuchumaa mbele ya taa akiutafuta ule mshale mwekundu, lakini jua lilikuwa limeshaufuta. Akajaribu kucha. Akajaribu meno. Ngozi ikawa inatoka vipande vipande, vumbi linamwingia mdomoni, akaniita nije kusaidia.

"Njo inalinda," nikamwambia kutoka kizingitini. Sikuinuka.

Alimaliza peke yake. Chini yake, ile plastiki yenyewe ilikuwa bado safi kama maji. Mama alikuwa amesimama kwenye kona, anaangalia. Akarudi, akafungua mlango wa nyuma, akakitazama kiti na plastiki yake, akabaki hapo hapo amesimama. Papa alielewa. Akachukua ufunguo, akaichana kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiti kumbe ni cha kijivu. Miaka yote nilijua ni kahawia.

Mama akakaa. Nikamngoja papa aombe msamaha.

"Mupande," akasema, "misa inaanza."

Nilipanda mbele. Mpaka kanisani sikumwangalia hata mara moja. Niliangalia barabara, maana lazima mtu mmoja aiangalie.